Saa Nne, Wote Nje

Blackpool, Agosti 1971

Mdogo wangu Nellie,

Mimi mzima, goti tu linanisumbua. Mvua haijakatika tangu Jumapili.

Familia ya Ogden, wageni wangu wa kila Agosti kwa miaka kumi na tisa, safari hii wamepanda ndege kwenda Hispania. Wameniletea kadi: “Bi Hilda, huku jua kali, na hakuna wa kututoa nje!”

Nilicheka. Si unaijua sheria ya nyumba yangu ya kupangisha wageni wa likizo: saa nne asubuhi wageni wote nje hadi jioni, inyeshe isinyeshe.

Leo nyumba ilikuwa kimya mno, nikatoka mwenyewe. Nimeshinda kwenye benchi la ufukweni. Nellie, kumbe ile baridi inaingia hadi mifupani, na wageni wangu walikuwa wakirudi jioni wananishukuru.

Dadako,
Hilda