Nilivyogonga Mlango wa Stoo

Chumba cha juu,
Karakana ya Masanduku,
Jumapili, 9 Juni.

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Na kikohozi cha mjomba kimepungua? Mimi ni mzima, nimenenepa, na nina furaha isiyo na kipimo. Hii ni wiki ya saba ya ndoa, na bado nikisikia viatu vyake ngazini moyo unaruka.

Sasa nikupe ya Alhamisi, ila mama asiyajue. Niliingia stoo kumchukulia mume wangu misumari, upepo ukabamiza mlango, komeo la nje likaanguka, likanifungia ndani. Stoo haina dirisha. Mabati yamejaa hadi darini, hata kuchuchumaa huwezi.

Nikaita mpaka sauti ikakauka. Mbele mafundi tisa wanagonga masanduku, nani atasikia? Nikaokota kipande cha bomba nikagonga mlango, ko, ko, ko, kwa nguvu na bila kupumzika, kama saa nzima. Hakuna aliyekuja. Shangazi, joto lile, giza lile. Nilihisi kuta zinanisogelea. Nikawaza nitafia hatua kumi kutoka kwa mpenzi wangu, naye anapiga mluzi.

Ndipo nikakumbuka jambo. Mume wangu akiwa kazini, ukimwita ubavuni hasikii. Lakini fundi aliye mbali kabisa akikosea pigo moja tu, huinua kichwa papo hapo, maana huenda kidole kimepondwa. Basi nikagonga ovyo: mawili, nikanyamaza, moja, matatu ya haraka.

Nyundo zote zikakatika.

"Nani kajigonga?" Ilikuwa sauti yake.

Alipofungua hakunitazama usoni. Alinishika mikono akakagua vidole kimoja kimoja. Nyuma yake fundi mmoja akasema, "Bwana harusi, mke hawekwi stoo kabla hajachakaa."

Nikamuuliza kama kweli hakunisikia muda wote ule.

"Nilikusikia, mke wangu. Nilidhani tumepata fundi mpya. Nikamsifu moyoni, mkono wake umetulia."

Nilicheka na kulia kwa pamoja. Jioni ile ile aliung'oa mlango wa stoo. Nampenda mno, Shangazi, lakini tangu siku hiyo kila chumba ninachoingia, kwanza natafuta kitu cha kugongea.

Nisalimie mjomba, bibi na wale pacha. Mola akupe magoti mepesi uje utuone.

Ni mimi mwanao, nikupendaye kuliko niwezavyo kuandika,
Kisura