Kiungo Kilichobanduka Mbele ya Watu

Nyumbani kwa Mama,
Chumba cha nyuma.
Jumapili, 9 Juni.

Mpendwa Kaka,

Pokea salamu zetu. U hali gani, na shemeji je? Kile kikohozi kimepungua, au bado unajitibu mwenyewe? Sisi huku wazima. Mama goti linamsumbua asubuhi, likishapata joto hakamatiki.

Sasa habari. Meneja ameumbuka. Nilikuwepo mwanzo hadi mwisho, na sitaongeza chumvi, haihitajiki.

Unakumbuka alivyokufukuza. Kile kivuko cha waenda kwa miguu, lile daraja la faiba, kilipoachia maungio wakati wa kujaribiwa kwa mifuko ya mchanga, alitangaza mbele ya karakana nzima kwamba ulikosea kuchanganya gundi. Ulimjibu kwamba kosa ni nta aliyoagiza mihimili ipakwe. Akakucheka. Ukaondoka na jina bovu, na hakuna karakana hapa mjini iliyokupokea.

Tangu siku ile nimekuwa mpole kwake. Nilimwamkia kila asubuhi. Aliponipa kazi ya ukaguzi nikamshukuru. Nilikuwa namvizia.

Mwezi uliopita akarudia yale yale. Mihimili mipya ya faiba ya kivuko hicho ilikuwa imeshapigwa msasa, tayari kuunganishwa. Mwenye mradi akasema anakuja kutembelea, basi Meneja akaagiza yote ipakwe nta ya magari ing'ae kwenye picha. Wageni walipoondoka, akataka igundishwe hivyo hivyo. Nikamwambia gundi haishiki juu ya nta.

"Na wewe umeanza ya kaka yako?" akasema.

Niliomba jambo moja tu: maungio mawili ya majaribio yavutwe kwa mashine mbele ya mwenye mradi, moja la vipande vilivyopigwa msasa, jingine la vipande vyenye nta yake. Na gundi achanganye yeye mwenyewe, asije akalaumiwa mtu. Akaona ni sifa. Akavaa glavu, akachanganya huku anatabasamu.

Siku ya kuvuta, kiungo cha msasa kilikaza hadi faiba yenyewe ikachanika, nyuzi zikachomoza kama nywele. Gundi haikuachia. Cha nta hakikufika hata nusu ya mzigo ule. Kilibanduka tap! Gundi yote upande mmoja, upande wa pili unang'aa kama kioo. Nikampa Meneja kipande kile. Ningeweza kukiweka mezani. Nilitaka akishike yeye.

"Nani aliagiza nta?" mwenye mradi akauliza.

Mpaka rangi wetu, yule tunayemwita Domo, hakungoja. "Si ni bosi! Alisema ing'ae mpaka mzee ujione meno."

Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Nilimuuliza Meneja, kwa adabu zote, kama na gundi hii ilichanganywa na kaka yangu.

Usimamizi wa kivuko amenyang'anywa. Nikamwambia hilo ni lake na mwenye mradi, langu bado. Uliaibishwa mbele ya watu, usafishwe mbele ya watu. Ijumaa alisimama pale pale uliposimama wewe, akasema kosa lilikuwa lake. Alisema chini chini. Wachomeleaji wakapaza: "Sauti, bosi, huku nyuma hatusikii!" Akarudia. Kaka, nilifurahi, na sioni sababu ya kukuficha.

Jana alikuja hapa kuomba namba yako ya simu. Anataka urudi kazini. Mama hakumpa kiti.

"Mwanangu hukumfukuza kwa simu," alimwambia. "Mfuate aliko."

Basi anakuja, kwa basi la Jumatano. Kurudi au kutorudi ni juu yako, mimi sitakushawishi. Ila akibisha hodi, usikimbilie kufungua. Maliza chai yako kwanza.

Shangazi na mapacha wake wanakusalimu sana. Msalimie shemeji, na umwambie siku hiyo asijifanye mkarimu. Mungu akulinde, na akupe maneno ya kutosha.

Ni mimi kitinda mimba wenu, nikupendaye na nisiyesahau.