Ukurasa Mmoja wa Mgeni

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na lile goti limeacha kukusumbua. Nisalimie shemeji na watoto. Mimi mwili hauna neno, ila moyoni nina dukuduku, na nikilitoa ni kwako tu.

Unajua kazi yangu ni kuandika maelekezo. Ofisi yetu hutengeneza kifurushi cha vitu ambavyo watengenezaji wa tovuti huvichukua vikiwa tayari: rangi, aina za herufi, picha ndogondogo za vitufe. Mimi ndiye niliyekuwa nawaeleza jinsi ya kuviingiza kwenye programu zao.

Basi akaja msichana mmoja. Bado namwita Mgeni, ingawa hata mfagizi wa ofisi anamwita “mwanangu”. Bosi akampa sura yangu ya kitabu cha maelekezo aiandike upya. Kurasa nilizozitolea jasho, Dada, akazigeuza ukurasa mmoja! Eti faili usizinakili. Ziache humo humo kwenye kifurushi, taja jina la kifurushi, kisha njia ya kufikia faili, basi. Maswali ya wateja yakakatika. Fundi wa tovuti ya hospitali moja alipiga simu kushukuru tu, kwamba safari hii ameelewa. Simu hiyo niliipokea mimi. Nilimwitikia huku nimeuma meno.

Wivu ulinila nikakosa hata hamu ya chakula. Nikaupekua ukurasa wake kama askari anayekagua mizigo, mpaka nikapata kosa: anwani ya faili aliyoitolea mfano ilianzia mwanzo kabisa wa tovuti, kwa hiyo programu iliyowekwa ndani ya folda ya tovuti hiyo ingetafuta picha mahali pasipo na kuzikosa zote. Sikumwita pembeni. Nilingoja kikao, nikalisema mbele ya watu. Naye akaniomba nimwonyeshe, akajicheka, akasema, “Aisee, umeniokoa!” Akasahihisha palepale na kuandika jina langu chini ya lake. Bosi akasema watu wanaokubali kusahihishwa namna ile ni wachache. Yaani hata kosa lake lilimletea sifa!

Sasa nikwambie lililonifanya niandike. Ile nafasi ya mkuu wa kitengo, ambayo ulishaanza kunipongeza kwayo, haitakuwa yangu. Jana bosi aliniita, akafunga mlango, akauliza kati yangu na Mgeni nani aongoze. Akasema neno langu ndilo litakaloamua, kwa kuwa mimi ndiye mkongwe. Nilikuwa nimejiandaa kujieleza vizuri. Nikafungua mdomo, nikamtaja yeye. Bosi akaniuliza kama nina hakika. Nikamjibu kwamba wasomaji wanamwelewa. Kisha nikaenda chooni, nikalia, nikanawa uso, nikarudi mezani.

Usinisifu. Leo asubuhi alinikumbatia, nami nikatamani kumfinya. Jumatatu nitaanza kupokea maagizo yake, na bado namwonea wivu, hadi viatu vyake.

Nijibu upesi, Dada. Nikemee au unicheke, ila Mama usimwambie. Nitamweleza mwenyewe nikiweza kulitaja jina la yule binti bila sauti kukatika.

Nakukumbatia kwa mapenzi,

Mdogo wako