Nani Anamwogesha Mama

Jumatatu, 15 Januari

Mke wangu Edda kaondoka juzi na meli. Siku ishirini na nane. Yeye ni mpishi wa meli ya uvuvi, mimi ndiye mama wa nyumbani — ndivyo wanavyonitania gereji ninakofanya kazi, na sijali. Watoto wanakula, wanavaa, wanafika shule.

Shida ni Mama, aliyekuwa mkunga wa mji huu. Anaishi nasi tangu Oktoba, siku alipokutwa kavaa gauni la kulalia kwenye theluji mbele ya benki, anauliza nani kaita mkunga. Edda akiwepo ndiye humwogesha. Akiwa baharini, nesi wa manispaa anakuja Jumanne na Ijumaa. Siku tano zinazobaki ni zangu. Ndivyo tulivyokubaliana.

Leo asubuhi kitanda kimelowa. Harufu nimeisikia kutoka jikoni. Nimesimama mbele ya mlango wake, mkono kwenye kitasa, siingii. Salka akatoka chumbani kwake, nywele timtim. Ana miaka kumi na miwili. Akaniangalia kidogo, akasema, "Baba, niachie mimi. Kamwamshe Tumi."

Nikaenda kumwamsha Tumi, mdogo wake.

Leo tu.

Jumatano, 17 Januari

Bwawani. Mama kaogelea kila wiki ya maisha yake, na daktari anasema aendelee. Lakini vyumba vya kuogea na kubadilishia nguo vina mlango wa wanawake na mlango wa wanaume, na mimi siwezi kuingia kwa wanawake. Hilo si kosa la mtu. Kwa hiyo Salka ndiye aliyeingia naye — kumvua, kumsugua kwa sabuni, kumvalisha.

Mimi na Tumi tumekaa nje kwenye kidimbwi cha maji ya moto na wanaume wengine, theluji inatuangukia vichwani. Dakika arobaini. Ketill wa zimamoto akauliza namngoja nani. Nikamwambia. "Mama yako ndiye aliyenipokea duniani, miguu ikitangulia," akasema. "Mpe salamu zangu. Na huyo binti yako, bwana, umepata mfanyakazi wa bure." Wakacheka. Nami nikacheka.

Salka na Mama walipotoka, vazi la kuogelea la Mama lilikuwa nyuma mbele. Salka mikono myekundu mpaka kwenye viwiko. Mama alipoingia majini akatulia kabisa, akamshika Tumi tumboni, akamwambia apige miguu. Hajasahau hilo.

Ningependa kuandika kwamba nilimshukuru Salka. Nilimnunulia aiskrimu.

Alhamisi, 18 Januari

Salka tena. Niliwasikia bafuni — Mama analia, Salka anamwambia taratibu, bibi, mguu mmoja, sasa mwingine. Nikaongeza sauti ya redio. Taarifa ya hali ya hewa. Nimeisikiliza yote, na sasa siwezi kutaja hata neno moja lake.

Jumamosi, 20 Januari

Salka alilala kwa rafiki yake. Kwa hiyo leo ilikuwa mimi, hapakuwa na pa kukimbilia.

Niandike kama ilivyokuwa. Nilimwingiza bafuni. Nilifungua maji, nikayapima kwa kiwiko kama tulivyofanya watoto walipokuwa wachanga. Nilipomshika kifungo cha kwanza cha gauni akanizaba kofi. "Wewe mwanamume ni nani?" Nikasema, Mama, ni Hjalti, mwanao. Akasema mwanawe ana miaka tisa, na mumewe akirudi atanivunja mkono. Akajifunika kifua kwa mikono yote miwili. Mama yangu, aliyeingia kila nyumba ya mji huu na kuona kila kitu cha kila mtu bila kupepesa, ananiogopa mimi.

Nikafunga maji.

Mpaka hapo nafikiri mtu angenielewa. Kilichofuata ndicho ninachokiandika hapa kwa sababu hapa hakuna atakayesoma. Nilifurahi. Nilipata sababu. Nikamketisha kwenye kiti cha sebuleni na nepi ileile ya jana, nikamfunika blanketi, nikamkatia samaki mkavu na siagi. Hiyo ilikuwa saa tatu. Salka alirudi saa sita na nusu. Aliingia, akasimama, akanusa. Alivua viatu, akaweka mkoba chini, akamshika bibi yake mkono.

Mimi nilikuwa natengeneza baiskeli ya Tumi. Januari. Theluji magotini.

Jumatatu, 22 Januari

Mwalimu Bergljót kanipigia simu gereji. Salka amechelewa mara tatu. Jana — hapana, Ijumaa — alilala juu ya dawati. Na kuna jambo lingine, akasita, hakutaka kulisema: wenzake wanasema Salka ana harufu. Harufu ya mkojo. Je, kuna jambo nyumbani?

Nilikuwa na nafasi. Mwalimu mwenyewe alikuwa ananifungulia mlango.

Nikasema ni simu. Anakesha na simu, kuamka ni vita, hapati hata muda wa kuoga. Maneno yalitoka laini, kana kwamba nilikuwa nimeyaandaa. Mwalimu akashusha pumzi, akasema ah, watoto wote siku hizi, na kwamba wazazi wengine huwanyang'anya simu wiki moja na inasaidia sana. Nikasema nitafanya hivyo.

Na nimefanya. Hilo ndilo. Jioni wakati wa chakula nikamwambia Salka alete simu yake. Akauliza kwa nini. Nikasema mwalimu kapiga, unachelewa, unalala darasani. Nilidhani atasema. Nilikuwa namsubiri aseme, nakiri nilitaka aseme, ili nimkemee na mambo yaishe.

Akaiweka simu karibu na sahani yangu. Akamalizia viazi vyake. Halafu akaenda kumbadilisha bibi nepi.

Jumanne, 23 Januari

Nesi kaja, Mama kaogeshwa, nyumba inanukia sabuni. Siku nzuri. Simu ya Salka iko kwenye droo yangu gereji. Ilitetemeka saa nne — picha ya Edda kwenye kioo, kavaa aproni, anacheka. Nikafunga droo.

Baadaye akanipigia mimi. Upepo mkali, sauti inakatika. Mbona Salka hapokei? Nikasema kaisahau nyumbani. Mama je? Mama mzima. Na wewe, unamudu? Namudu, nikasema. Akasema najua si rahisi kwako, Hjalti, najivunia wewe.



Alhamisi, 25 Januari

Alda wa manispaa alikuja kukagua kama Mama anastahili siku zaidi za nesi, au chumba katika nyumba ya wazee. Mwanamke mpole, soksi zake za sufu zilikuwa na tundu kidoleni. Fomu mapajani. Mama alikaa katikati yetu, kasukwa nywele vizuri. Kasukwa na Salka.

Maswali: anakula mwenyewe? Anatembea? Anaamka usiku? Halafu, "Na siku ambazo nesi haji, nani anamwogesha?"

Salka alikuwa kwenye sinki anamenya viazi, katupa mgongo. Kisu kikasimama.

"Mimi," nikasema.

Alda akaandika. Akasema hilo si jambo dogo kwa mtoto wa kiume, wengi wanashindwa. Kisha Mama, ambaye tangu asubuhi hakuwa amesema neno la maana, akamgeukia Alda akasema waziwazi, "Huyu? Huyu hata kunitazama hanitazami." Alda akamtabasamia kama wanavyotabasamiwa wagonjwa, akampapasa mkono.

Matokeo ameyasema palepale: kwa kuwa familia inamudu, tutabaki na siku mbili. Kuna wengine wenye hali mbaya zaidi. Nikamshukuru. Nikamvalisha koti.

Mlango ulipofungwa Salka akasema, bila kugeuka, "Ungemwambia tu."

"Ningemwambia nini?"

"Kwamba ni mimi."

Nikasema wangetuona watu wa namna gani, wangeingilia mambo yetu, ungeulizwa maswali shuleni. Akasema, "Naulizwa tayari." Akaendelea kumenya. Nikaenda garini, nilikoiweka nilipotoka gereji, nikamletea simu yake. Aliichukua na vidole vilivyolowa, akaitia mfukoni. Hakuniambia asante, na angeniambia ningeumia zaidi.

Jumapili, 28 Januari

Jua limevuka mlima leo. Mara ya kwanza tangu Novemba, dakika kumi na moja tu, lakini lilifika mpaka kwenye ngazi za kanisa. Kwa hiyo mji mzima ukumbini, kwa kahawa ya jua tunayokunywa kila mwaka likirudi, chapati za maji zenye sukari na krimu. Nilifikiri kutokwenda. Tumi akalia. Tukaenda.

Watu walikuja kumwamkia Mama mmoja mmoja. Nusu yao walipita mikononi mwake. Aliwapokea vizuri, anawaita wote "mwanangu", na hakuna aliyejua kwamba hajui majina. Kwa nusu saa nilikuwa na fahari.

Halafu harufu. Safari hii si mkojo. Niliona doa kwenye kitambaa cha kiti chini yake. Meza ya jirani wakanyamaza, mwalimu Bergljót akiwa mmoja wao, wakaanza kuongea tena kwa sauti ya juu kuliko mwanzo, kwa adabu.

Mimi nilikuwa nimeshika sahani. Nilifanya kitu kimoja tu: niligeuza kichwa nikamtafuta Salka.

Alikuwa upande wa pili na wasichana wa darasa lake, anacheka, mara ya kwanza nimemwona anacheka mwezi huu. Akaniona. Akaelewa, bila shaka akaelewa, na kicheko kikamtoka usoni. Lakini hakuinuka. Alinitazama machoni, mbele ya wote, akatikisa kichwa. Mara moja.

Kisha nikasikia kiti kinaburutwa kando yangu. Tumi. Ana miaka mitano, ana krimu kidevuni. Kashuka kwenye kiti, kamshika bibi yake kidole, anamvuta. "Twende bibi, mguu mmoja," akasema. "Salka kachoka. Leo zamu yangu."

Watu walisikia. Bergljót alisikia — alimtazama Tumi, akamtazama Salka, kisha akanitazama mimi, na niliona anapiga hesabu.

Nikaweka sahani chini. Nikautoa mkono wa Tumi taratibu, nikamwinua Mama, koti langu nikamfunga kiunoni. Tukatembea ukumbi mzima. Mbele ya milango miwili ya choo nilisimama, sikujua tuingie upi. Tukaingia wa wanaume. Alinipiga. Alinitukana maneno ambayo sikujua anayajua. Nilimfuta kwa karatasi na maji baridi, nimegeuza uso ukutani, na kwa hiyo nilifuta vibaya, na ilibidi nigeuke nitazame.

Ni mwili tu. Mwili wa mtu mzee mwenye baridi. Miaka yote hii nilikuwa naogopa nini?

Nyumbani Salka alijifungia chumbani. Nilisimama mlangoni kwake nikasema ulifanya sawa. Nikasema tena.

Jumatatu, 29 Januari

Saa mbili na dakika ishirini. Nimewapigia manispaa. Sauti inasema mimi ni wa tatu kwenye foleni, halafu muziki wa piano. Simu nimeibana begani, naandika huku nangoja.

Asubuhi nilimwogesha. Kama kuogesha ndiko kule. Maji yamefika koridoni, Mama ananuna jikoni, shati langu limelowa, kidole kimechanwa. Nywele sikuziweza.

Nataka kuzungumza na Alda. Nimeandika sentensi kwenye karatasi: Nilikudanganya, anayemwogesha ni binti yangu. Inaonekana fupi. Nimejaribu kuisoma kwa sauti, imeishia katikati. Na baada ya Alda kuna Bergljót. Na Edda, siku kumi na mbili zimebaki.

Wa pili kwenye foleni.

Salka katoka chumbani, kavaa koti na mkoba mgongoni. Shule imeshaanza. Nimemwonyesha kwa mkono, nenda, nitawapigia nieleze. Haendi. Amesimama kwenye kizingiti, kofia mkononi, anatazama simu iliyo begani mwangu. Anataka kusikia nitasema nini.

Muziki umekatika, mtu kapokea.