Binti wa Kinyozi Gazetini

4 Machi

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Mimi mzima, ila sauti imekauka.

Mwenzetu wa mwaka wa kwanza alitumbukia mtaroni akitoka maktaba, akavunjika mguu. Njia ya hosteli ya wasichana haina taa hata moja. Mimi ndiye rais wa wanafunzi, nikasimama getini nikadai taa. Tangu hapo waandishi wa habari hawanipi nafasi ya kupumua. Wananiuliza nani anishoneaye nguo, na kama nina mchumba. Nikitaja taa, wanafunga kamera. Jana nilisinzia nimesimama.

Wakija huko, tafadhali usiongee.

Binti yako

11 Machi

Binti yangu,

Marahaba. Mgongo bado ni wangu, haujanitoroka. Mama yako anakusalimu.

Barua yako imenikuta nimeshaongea. Alikuja kijana kunyolewa ndevu. Unanijua, kinyozi akinyamaza wateja hudhani ana msiba. Akauliza, "Yule jasiri wa kwenye televisheni ni mwanao?" Kifua kikanijaa. Nikamjibu, "Jasiri wapi! Huyo mpaka leo analala na taa." Tukacheka sana. Kumbe mwandishi.

Nisamehe, mama.

Baba yako

15 Machi

Baba,

Shikamoo. Gazeti nimeliona: "Rais Anayeogopa Giza". Wavulana wananipigia miluzi, wengine wameniwekea mishumaa mlangoni. Mkuu wa chuo amesema redioni kwamba suala la taa ni hofu za binti mmoja tu.

Sina la kuongeza.

Binti yako

2 Aprili

Binti yangu,

Hujambo huko? Kimya chako kimetuzidi. Mama yako ananiwekea chakula bila neno, anageuka. Siku hizi nanyoa kimyakimya mpaka wateja wananiuliza naumwa nini.

Niandikie, hata kama ni kunigombeza.

Baba yako

20 Aprili

Mpendwa Baba,

Shikamoo, na Mama pia. Nilikukasirikia, sikatai. Lakini zaidi nilichoka, Baba. Hata kalamu ilikuwa nzito.

Tuliitisha mkutano na waandishi. Wa kwanza akauliza huku anacheka, "Ni kweli unaogopa giza?" Sikuwa na nguvu hata ya kudanganya. Nikasema, "Kweli. Na baba yangu hakuwahi kunizimia taa. Jua likizama, nifuateni kwenye njia ile, tuone nani haogopi."

Wakaja. Mpiga picha mmoja akateleza mtaroni mpaka magotini, mikono juu, anaokoa kamera, anamwita mama yake. Kesho yake gazetini hapakuwa na sura yangu. Ulikuwepo mtaro, ukurasa mzima.

Taa zimewashwa juzi. Tuliwaalika waandishi wote, hakutokea hata mmoja. Mwenzetu akapita chini ya taa na magongo yake, polepole, sisi tukipiga makofi. Nilitaka kulia, machozi yakakataa.

Kiti nimemwachia makamu wangu. Nakuja nyumbani. Sitaki kuulizwa chochote, hata na Mama.

Binti yako

24 Aprili

Binti yangu,

Marahaba, mama. Njoo. Shuka zimefuliwa, na mama yako ameshawapiga marufuku majirani kukuuliza chochote.

Leo asubuhi mteja ameketi tu, akaanza: "Yule rais wenu yuko wapi siku hizi?"

Nikamwambia ainamishe kichwa, nisije nikamkata sikio.

Baba yako