Moshi wa Mama Bridgit

Kawangware, Nairobi
Jumapili, baada ya ibada

Mama yangu mpendwa,

Mulembe, Mama. Natumaini barua hii imekukuta umeketi, maana ukiisoma umesimama jikoni utaunguza mboga, nakujua. Magoti yanaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyompa Senge akuletee ilikufikia, au shangazi yangu huyo aliimalizia kwenye miguu yake mwenyewe? Na ng'ombe amezaa? Mimi ni mzima, namshukuru Mungu. Ila nimechoka. Kazi haijanichosha, watu ndio wamenichosha.

Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu simu yako huiweka kwenye spika, na jikoni kwako hakukosi mtu. Haya ni yako kwanza. Najua siku si nyingi mama yake Mama Bridgit atavuka mto aje akuambie kwamba Rose wako amemchomea binti yake kwa serikali. Kabla hujammiminia chai, nataka uwe umesikia kutoka kwangu.

Nianze na kazi yenyewe, maana nasikia huko mnasema "Rose anapima upepo" na watu wanacheka. Sipimi upepo. Kuna mradi unaofuatilia hewa ya miji ya Kenya: Mombasa, Kisumu, Nakuru, Eldoret, na hapa Nairobi. Wametundika visanduku vyeupe kwenye mapaa na kuta, kila kimoja ukubwa wa mkate. Kisanduku kinavuta hewa, kinapima vumbi na moshi uliomo, kisha kinatuma namba ofisini. Huko namba zinageuka rangi kwenye ramani, na mtu yeyote anaweza kuiona kwa simu. Kijani, hewa ni nzuri. Manjano, vumilia. Nyekundu, funga dirisha. Zambarau, Mungu akusaidie. Mimi naangalia visanduku vya Kibera na Kawangware. Napanda ngazi, napangusa vumbi, natoa utando wa buibui, nahakikisha stima ipo.

Na stima haipo, Mama! Kule Kibera, karibu na Soko la Toi, mwangalizi wa ploti ya nyumba za kupanga huchomoa waya wa kisanduku kila Jumamosi ili achomeke redio asikize mpira. Nikamwambia, "Mzee, hii ikizimika hatujui mnavuta nini." Akanijibu, "Sisi tunajua. Tunaishi hapa." Ploti ya pili walikifunika kwa gunia wakidhani ni kamera ya polisi. Kijana mwingine alitaka neno la siri la intaneti. Nikamweleza kwa utaratibu kwamba hiki si kisanduku cha intaneti ya bure, ni cha kupima hewa anayoivuta yeye na mama yake. Akatikisa kichwa kama aliyeelewa. Halafu akaniuliza, "Sawa, madam, sasa neno la siri ni gani?"

Hayo yote nilikuwa nayabeba. Kilichonishinda ni kisanduku cha Gatina, hapa Kawangware. Kiko juu ya paa la chekechea ya Mwalimu Ndanu, mama mmoja kutoka Kitui, mfupi, mkali, mwenye sauti ya kuita mtu kutoka ng'ambo ya bonde. Shule ni vyumba vitatu vya mabati nyuma ya nyumba za ghorofa. Karibu kila alasiri, watoto wakiwa wamelala kwenye mikeka, namba za kisanduku hicho zilipanda mpaka juu kabisa, zikakaa huko, kisha jioni zikashuka.

Msimamizi wangu, Bwana Kariuki, aliziangalia akiwa kwenye kiti chake ofisini akasema, "Hiki kimeharibika. Hewa haiwezi kuwa hivi kila siku." Akakipaka kijivu kwenye ramani. Kijivu maana yake hakuna habari. Nikatumwa kukibadilisha. Nikabadilisha. Kipya kikasema yale yale. Nikatumwa tena na cha tatu. Nacho kikasema yale yale. Bwana Kariuki akaniambia, "Rose, labda unavifunga vibaya."

Skrubu nne, Mama. Eti nafunga vibaya skrubu nne.

Siku hiyo nilikataa kurudi ofisini. Nilikaa juu ya lile paa mpaka alasiri, na moshi ukaja: mweusi, mzito, wenye harufu ya plastiki inayoungua, ile inayokukwama kooni kama mfupa wa samaki. Nikashuka nikaufuata. Nikapita kichochoro kimoja, nikatokea nyuma ya ukuta karibu na mtaro. Hapo kulikuwa na moto wa matairi, na juu yake vifungu vya nyaya kuukuu. Wanaziunguza ili ganda liishe ibaki shaba, waiuze kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Mtu aliyekuwa akigeuza nyaya hizo kwa fimbo ya chuma, amejifunga leso puani, alikuwa Mama Bridgit.

Unakumbuka nilipokuja Nairobi mara ya kwanza? Nani alinipokea? Nililala kwake miezi mitano, kitanda kimoja na Bridgit, na hakuniuliza hata siku moja nitaondoka lini. Kanisani tunasimama pamoja kwenye kwaya, sauti ya pili. Nilidhani anauza mboga. Na kweli alikuwa akiuza, kabla ya kibanda chake kubomolewa.

"Mama Bridgit, hapo nyuma ni shule," nikamwambia.

"Naijua. Bridgit alisoma hapo."

"Moshi unaingia kwa watoto wakiwa wamelala."

Akashusha leso kidogo, akaniangalia vizuri. "Rose, moshi wangu ndio wa kwanza Nairobi? Malori yanapita hapo barabarani, umeyasimamisha? Taka zinachomwa kila kona, umezizima? Ama ni mimi tu kisanduku chako kinaniona?"

Hapo alisema kweli. Nikamwomba tu. Akaniambia, "Sawa, nimesikia," akamaliza nyaya zake. Nilirudi kwake nyumbani mara mbili kumwomba tena. Mara ya kwanza alinipa ugali na mboga ya mrenda, tukala, akasema ataacha. Mara ya pili hakunikaribisha kiti. Na kisanduku kikaendelea kupanda kila alasiri.

Kisha likaja jambo la Neema. Ni kasichana ka darasa la chini, kana pumu. Alasiri moja kifua kilimbana mpaka midomo ikabadilika rangi, Mwalimu Ndanu akambeba mgongoni akakimbia naye hadi zahanati. Alipona siku hiyo, lakini mama yake akamwondoa shuleni. Mwalimu akaenda ofisi ya serikali kushtaki. Wakamuuliza, "Una ushahidi gani?" Akasema, "Kuna kipimo juu ya paa langu." Karani akafungua ramani kwa simu yake, akamwonyesha: Gatina, kijivu. "Mama, hapa hakuna kitu. Lete kitu."

Alinisubiri langoni kesho yake. "Wewe! Miezi yote hii mnanitobolea bati, mvua inaninyeshea, mnafanya nini huko juu? Mnafuga njiwa?"

Nikampigia Bwana Kariuki palepale, nikamweleza habari za mtoto. Akasema kwa upole kabisa kwamba anasikitika, lakini hawezi kuweka kwenye ramani ya nchi nzima namba za kifaa asichokiamini. Kwa hiyo serikali haimwamini mwalimu kwa sababu ya ramani, ramani haiamini kisanduku, na kisanduku hakiaminiwi kwa sababu kinasema ukweli. Nilikata simu nikapiga ukuta teke. Kidole bado kinaniuma.

Ndipo nikafanya jambo bila ruhusa ya mtu. Tuna kisanduku kingine Riruta, hapa jirani, ambacho ofisi inakisifu kwa sababu namba zake hazimshtui yeyote. Nilikishusha nikakipeleka Gatina. Cha Gatina, kile "kibovu", nikakitundika Riruta. Nikanyamaza siku nne.

Cha Gatina kilipofika Riruta kikawa mpole kama mwana-kondoo. Na kile kisanduku chao kizuri kikapanda Gatina alasiri ya kwanza mpaka juu kabisa.

Bwana Kariuki alipogundua aliniita, akafoka kwamba nimevuruga kumbukumbu za vituo viwili. Nilimwacha afoke. Alipomaliza nikamuuliza, "Sasa kipi kimeharibika?" Akazipitia namba za siku zote nne. Sitamsingizia, si mtu mbaya. Hajawahi tu kufika Gatina alasiri. Siku ile ile alikitoa kwenye kijivu, na Gatina ikawa zambarau, peke yake. Mwalimu Ndanu akaichapisha ramani dukani kwa rangi, akarudi ofisi ya serikali akiishika mbele kama bendera.

Siku mbili baadaye wakaja maofisa wawili. Walizima kwa maji moto uliokuwa ndio kwanza umeshika, wakabeba magunia ya nyaya ya Mama Bridgit, wakamketisha kwa chifu kutwa nzima, wakamtoa baada ya kuandika ahadi kwamba hatachoma tena. Wenzake walikuwa wamekimbia. Yeye hakukimbia. Alisema alidhani wanakuja kuuliza njia.

Sasa kanisani hasimami karibu nami. Akina mama wamegawanyika. Wengine wanasema nilifanya vizuri, Neema amerudi shuleni, na kweli amerudi, nilimwona Alhamisi akigombania bembea. Wengine wanasema mtu aliyekulaza kitandani kwake humlipi hivyo. Na namba je? Zimeshuka, Mama, lakini si kama nilivyoota. Alasiri Gatina sasa ni nyekundu badala ya zambarau, kwa sababu malori yapo, vumbi lipo, na taka zinachomwa kila kona kama alivyoniambia. Nimemshikisha adabu mwanamke mmoja mwenye fimbo ya chuma, na mji mzima unaendelea kutoa moshi. Hilo ndilo linalonikera hata usingizi unakataa.

Jana Jumamosi nilienda kwake mchana. Nilimkuta mlangoni anachuna nyaya kwa kisu, moja moja, ganda huku, shaba huku. Shaba ya kazi ya wiki nzima haikujaza sufuria. Vidole vimekatwakatwa, amevifunga vitambaa. Hakuniambia karibu wala ondoka. Bridgit akaleta kigoda, kisha kisu kingine. Nikaanza kuchuna. Baada ya muda akasema bila kuinua macho, "Unaacha shaba kwenye ganda. Chuna vizuri." Ni neno la kwanza aliloniambia tangu siku ile. Nilichuna mpaka jua likaondoka mlangoni, na lile lililonipeleka sikulisema.

Nakuambia wewe sasa. Watu wote, Mama Bridgit mwenyewe akiwemo, wanaamini kwamba kazi yangu ilikuwa kisanduku tu, na kwamba maofisa waliufuata moshi wakamfikia kwa pua zao. Mimi ndiye niliyewaacha waamini hivyo. Haikuwa hivyo. Walipofika shuleni nilikuwepo, na hakukuwa bado na moshi. Mmoja akaniuliza, "Wewe ndiye wa kipimo? Moshi huwa unatoka wapi?" Ningeweza kusema kifaa hakijui nani anachoma, na ingekuwa kweli. Nikawaza midomo ya Neema. Nikawaza pia, nisikufiche, jinsi nilivyochoka kuomba. Nikanyoosha mkono nikawaonyesha kichochoro. Nilijua kabisa nani wangemkuta, na usiku ule nililia.

Kwa hiyo akija mama yake, usinitetee kwa kusema ni mashine. Usimfukuze, na usimruhusu aseme kwamba sikujua. Mwambie Rose alionyesha kwa mkono wake, na kwamba kama moto ule ungewashwa kesho nyuma ya watoto wale, angeonyesha tena, na angelia tena.

Mjomba anasafiri Alhamisi na barua hii, naye akiibeba haiwezi kurudi. Hiyo ndiyo sababu nimemwahidi tayari kumpa, ili nisiweze kurudi nyuma. Nina mpaka Jumatano kwenda kwa Mama Bridgit na kulisema nikiwa nimekaa mbele yake, maana sitaki alisikie kutoka ng'ambo ya mto.

Nisalimie Kukhu, nyanya yetu, umwambie moshi wake wa kuni nao ni moshi, akae karibu na mlango. Msalimie Senge, na suala la dawa nitamuuliza mwenyewe. Msalimie kaka yangu mkubwa na mkewe, na mtoto wao mchanga ambaye sijambeba bado. Mchungaji mwambie aniombee, asiulize ya nini. Na mama yake Mama Bridgit, kama atakubali kupokea salamu kutoka kwangu, mpe. Asipokubali, mpe chai.

Ni mimi mwanao, mwenye kidole kilichovimba na maneno mengi,

Rose