Maziwa Yalimwagika Nikiyatazama

Mjukuu wangu Kendi,

Huku Mikinduri tu wazima. Mvua imetukumbuka, ila goti la nyanya yako bado linamsumbua.

Unauliza kwa nini tangu ufanywe msimamizi wa hosteli unawafokea hata marafiki zako, na hukuwa hivyo.

Wiki niliyotoka jandoni, mama aliteleka maziwa akaenda kukatia ng'ombe nyasi. Maziwa yakafura. Nilikuwa mlangoni, hatua tatu tu kutoka mekoni. Lakini kwetu aliyetahiriwa haingii jikoni kwa mama yake, basi nikasimama wima, nikayatazama yakimwagika mpaka moto ukazima.

Mama aliporudi hakunigombeza. Alisema tu, "Mwezi jana ungeyaepua."

Nilikasirika kwa sababu ilikuwa kweli. Mikono ilikuwa ile ile. Cheo tu ndicho kilichokuwa kipya.

Wewe umejiuliza baada ya muhula mmoja. Mimi nilingoja mpaka goti la nyanya yako lilipomshika. Siku hizi chai ya asubuhi napika mimi. Analalamika kwamba ninazidisha majani, lakini maziwa hayajamwagika tena.

Ni mimi babu yako, wa jikoni.